Sketi ya Bwana

Nguo niliyoichukia kuliko zote maishani ndiyo niliyoivaa mfululizo kuliko zote. Ilikuwa ya sufu nzito, nyekundu iliyofifia, yenye mistari ya kijani na njano iliyokatizana, marinda tele kwa nyuma na vikanda viwili vya ngozi ubavuni. Baba aliiita kilti, tena kwa heshima. Majirani waliiita sketi, nami sikuwa na hoja ya kuwapinga. Nguo isiyo na miguu ni sketi tu, hata ukiibatiza mara saba.

Mwenyewe alikuwa Mskoti mmoja, mlowezi wa upande wa Sanya Juu, aliyelima ngano na kufuga ng'ombe wa maziwa. Baba alimpikia tangu ndevu hazijaota hadi zilipoota mvi. Nyumbani kwetu mtu huyo hakuwa na jina. Aliitwa Bwana, basi. Serikali ilipoyatwaa mashamba ya walowezi, Bwana aliondoka na masanduku mawili, la tatu akamwachia baba, na baba akarudi nalo huku kwetu mlimani akiwa amelikalia juu ya lori.

Miaka ya uhaba ilipokuja, miaka ya foleni za sukari na sabuni, sanduku lile ndilo likawa duka letu. Suruali za Bwana zilipunguzwa kiuno zikaniingia mimi. Makoti yake kaka zangu walikwenda nayo Dar es Salaam na Arusha. Mashuka mama aliyakata akashona mashati. Kilti ikabaki peke yake chini kabisa, hata nondo hawakuigusa. Nadhani nao waliona haya.

Mimi ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu wa mwisho ndiye hubaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini na wazazi ndani yake. Kaka zangu walikuwa wakinipongeza kwa urithi huo kila walipokuwa wakipanda basi kuondoka. Nilikuwa nimeshapata kazi ya ukarani mjini Moshi, nina chumba changu na kitanda cha kamba, ndipo mama akaniita. Akili ya baba ilikuwa imeanza kumtoka. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kurudi. Kwa nini waulize? Mtu haulizwi kama anataka kuwa na goti.

Kusahau majina tulikuzoea upesi. Shida ilikuja alipoacha kula. Mama alimwekea mtori, akauangalia. Alimwekea kiburu cha ndizi na maharage, akakifunika na sahani akakirudisha jikoni. Tukimbembeleza anajibu neno moja tu: "Bwana hajala." Mpishi hali kabla ya bwana wake, hiyo ndiyo sheria aliyoishi nayo, na sasa akili yake ilikuwa imerudi shambani kule ikafunga mlango. Tulimpeleka hospitali mjini, akatundikiwa dripu, daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba dawa ya mzee huyu ni chakula, na asipokula tujiandae. Tukarudi naye nyumbani mifupa ya mabega ikiwa imechomoza chini ya shati.

Ilikuwa masika. Suruali iliyonibakia ni moja, na siku hiyo ilikuwa mbichi, imetandazwa juu ya kuni jikoni, mvua imegoma kuacha. Baridi ya mlimani iliponipata kwenye mapaja nilifungua sanduku, nikaikung'uta ile kilti, nikajifunga. Nikavuta kiti mezani ninywe uji wangu. Baba alikuwa amelala kwenye kitanda cha pembeni. Aligeuza kichwa. Akaniangalia, kisha akainuka mwenyewe, mtu tuliyekuwa tunamnyanyua kwa mikono miwili, akafunga kifungo cha shingoni, akaning'iniza kitambaa mkononi.

"Chai tayari, Bwana," akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Baba hakuwahi kuzungumza nami Kiswahili tangu nizaliwe. Kwetu Kiswahili ni cha shuleni, cha ofisini na cha wageni. Nilikaa pale nimepigwa na butwaa huku akinimiminia uji wangu mwenyewe kwenye kikombe. Nikanywa. Aliposhika kikombe kitupu alikwenda nacho jikoni, na mama akaja mbio kuniambia kwa kunong'ona kwamba anakula. Anakula amesimama karibu na mafiga, anakula ndizi na maharage kwa kijiko, anaongeza.

Nilimshukuru Mungu kwa dhati. Nilidhani ni ya siku moja.

Nilipovaa suruali kesho yake, hakula. Nikaivaa sketi, akala. Mama alisimama katikati ya chumba, akaniangalia kuanzia magotini kwenda juu, mdomo umekaza. "Ivae basi," akasema. Na tangu siku hiyo kila ilipofika saa ya chai alichukua mundu na kamba akaenda kukata majani ya ng'ombe, hata kama zizi limejaa majani. Nilidhani ananionea aibu.

Ningeivaa ndani tu, mlango umefungwa, labda nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Bwana hakuwa mtu wa kushinda chumbani. Bwana alitoka asubuhi kukagua, akarudi saa ya chai kwa barabara akiwa na fimbo, na mpishi wake alimngojea getini. Baba hakukubali vinginevyo. Nikitokea mlango wa nyuma haandai. Nikibadilisha nguo mchana anatoka barabarani, anasimamisha wapita njia, anawauliza Bwana kaelekea wapi, na mvua inamnyea. Kwa hiyo ilinipasa nitoke nayo kukiwa kweupe, nipite nayo kwenye njia ya watu wote, niende nayo shambani kupalilia kahawa, nirudi nayo.

Macho hayana pazia. Siku za kwanza watu walinyamaza kwa mshtuko, na ukimya ule ulikuwa nafuu. Baadaye ndimi zikafunguka. Wanawake waliokuwa wanashuka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani walisimama ili wacheke vizuri, maana kucheka na mkungu kichwani ni hatari. "Marinda yako mengi kuliko yangu," mmoja akaniambia. Mwingine, mwalimu wa kwaya, akaomba nikichoka nayo nimpe yeye, ingewatolea binti zake sare mbili za shule na kitambaa kingebaki. Hakuwa anatania. Alishika pindo pale pale njiani akaanza kupima kwa shibiri. Bibi mmoja alinisubiri nipite ndipo akasema nyuma yangu, si kwa sauti ndogo, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Chini nilikuwa nimevaa kaptura, tena nzima, na nilikuwa na hamu kubwa ya kumwonyesha.

Foleni ya sukari ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana kwenye foleni mtu hana pa kwenda. Ukitoka umepoteza nafasi. Nilisimama na mfuko wangu mbele ya duka la ushirika tangu asubuhi, baba nyuma yangu na kikapu, watu mbele, watu nyuma, na upepo unashuka kutoka mlimani unachezea marinda. Mwanaume aliyekuwa mbele yangu, mtu niliyesoma naye, akageuka akasema kwa upole wa kinafiki, "Mama, tangulia." Foleni nzima ikavunjika mbavu. Nilimtukana tusi lililomlazimisha mzee wa kanisa aliyekuwa jirani kukohoa. Baba akanigusa bega. "Bwana asijali," akanong'ona, "hawa ni vibarua."

Akafanya kosa la kusema hivyo huku wakimsikia. Hapo kicheko kikageuka kitu kingine. Enzi zile neno kama hilo halikuwa dogo. Tulikuwa tumeimbishwa kwa miaka kwamba mabwana wamekwisha, sote ni ndugu, na hapa mzee mwenye mvi anawaita watu wazima vibarua mbele ya kijana wake aliyevaa nguo ya mlowezi. Nilijikaza kisabuni, ingawa sabuni yenyewe haikuwepo, nikapokea sukari yangu nikaondoka.

Jumamosi tulikwenda Sanya Juu sokoni kwa sababu Bwana alikwenda sokoni Jumamosi. Mimi mbele, baba nyuma hatua kadhaa, hakubali kutembea sambamba. Niliwahi kupunguza mwendo ili anifikie, naye akapunguza. Vijana wa chama walitusimamisha penye mbuzi. Mmoja aliniambia nivue, mavazi yale si utamaduni wetu. Nilimwonyesha Wamasai waliokuwa wamejaa pale, mashuka mekundu yenye mistari, miguu wazi. "Hao ni Wamasai," akajibu, na kwa kweli jibu lake halikuwa na pa kuingilia. Mmasai mmoja mtu mzima ambaye alikuwa akitusikiliza alisogea, akashika pindo la kilti, akalisugua kwa vidole, akauliza kama linazuia baridi. Nikamwambia linazuia sana. Akasema ni nguo nzuri, akarudi kwenye mbuzi zake. Katika miezi ile yote ni yeye peke yake aliyeiuliza nguo swali linalostahili kuulizwa nguo. Nilikaribia kumkumbatia.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na shati lake la chama, akanikuta napalilia. Alikuwa jirani, mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, ndugu. Nimeletewa malalamiko." Alikuwa akitazama mgomba, si mimi. "Wananchi wanasema unamtumikisha mzazi wako. Unakaa mezani anakusimamia. Unakwenda sokoni anakubebea kikapu. Ndugu, huo ni unyonyaji, tena wa damu yako mwenyewe. Uhuru tulipigania nini?"

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Nilimwambia aje saa ya chai aone mwenyewe, na akiona njia nyingine ya kumlisha mzee anionyeshe, hiyo sketi nitaichoma mbele ya mkutano.

Akaja kweli. Baba alikuwa getini amenyooka, kitambaa mkononi. Alimpitishia balozi, mlezi wangu wa kisiasa, jicho moja, toka viatu hadi kofia.

"Nyapara," akamwambia, "mlango wako uko nyuma."

Balozi alinitazama. Nami nikamtazama. Kisha yule mtu mzima, kiongozi wa nyumba kumi, akazunguka nyumba akaingilia jikoni, akakaa juu ya kuni, akapewa chai kwenye kikombe cha bati. Unga wa ngano haukuwepo nchini, kwa hiyo baba alikuwa amechoma ndizi, akazikata vipande sawasawa, akazipanga kwenye sahani ya kaure iliyopasuka na kuziita skonzi. Balozi alipewa kimoja. Aliona baba akila baada yangu. Wakati wa kuondoka alinivuta pembeni.

"Marehemu baba yangu alikuwa nyapara kule kule," akasema. "Alikuwa akiingilia nyuma." Akafikicha jicho. "Endelea tu. Ila mkutanoni usije nayo."

Hivyo chama kilinisamehe. Mchumba wangu hakuweza, na yeye simlaumu.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga, msichana asiyependa maneno mengi. Nilimweleza yote kabla hajapanda kuja kutusalimu, naye akacheka kidogo akasema ataweza. Aliingia, akapiga goti amwamkie baba. Baba akamwinua haraka kwa adabu, akamvutia kiti. "Karibu, Memsabu." Sasa kwetu mkamwana hatumikiwi na baba mkwe. Hata kukaa kwenye kiti kirefu mbele yake ni utovu wa adabu; kupokea chakula mkononi mwake ni jambo ambalo sijawahi kulisikia. Baba alipokuja na trei, msichana yule alishindwa. Aliruka akaishika ili amsaidie. Baba akaivuta. Chai ikamwagika kwenye gauni lake, na baba akapiga magoti sakafuni akaanza kupangusa miguuni pake, akiomba radhi, Memsabu, radhi, Memsabu. Yeye alisimama mikono kinywani, analia bila sauti.

Nilimsindikiza hadi barabarani, sketi na yote.

"Nakuonea huruma," akasema. "Lakini mimi siwezi kumfanya baba mkwe mtumishi wangu kila siku ya Mungu."

"Ni kwa muda tu."

"Muda gani?"

Kulikuwa na siku moja tu ambayo ningeivua moja kwa moja, na sote wawili tuliijua ni siku gani. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba, zaidi ya vicheko vya sokoni na vya foleni. Kila nilipotamani kuivua nilikuwa natamani baba afe. Na nilitamani kila siku. Naiandika kama ilivyokuwa: nilikuwa naamka asubuhi nikiwa na hasira kabla sijakumbuka sababu, halafu naiona imening'inia ukutani na vikanda vyake viwili, nakumbuka. Kaka zangu waliniambia nivumilie. Mmoja alikuja likizo, akacheka hadi akakaa chini, akaondoka na ndizi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia yeyote. Tangu sketi ile sikuwa nimemwamkia baba yangu. Mtoto wa kwetu hawezi kupita asubuhi bila kumpa mzazi shikamoo yake, lakini Bwana hakuwa akimwamkia mpishi. Niliwahi kujisahau nikasema, "Shikamoo, baba." Baba akageuka kutazama nyuma yake, amwone anayeamkiwa.

Tuliendelea hivyo hadi kahawa za msimu ule zikaanza kuiva. Alasiri moja baba aliniwekea chai, akapanga skonzi zake za ndizi, kisha badala ya kurudi nyuma akabaki mbele yangu, visigino pamoja.

"Bwana," akasema, "naomba ruhusa niende nyumbani. Mtoto ana homa."

Sikujua ni mtoto gani. Mimi sikuwa na homa. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, jasho linamtoka chini ya macho. Nilijifanya nimepaliwa, nikakohoa, nikatoka nje. Nilimkuta mama anarudi na mzigo wa majani, nikamweleza. Aliushusha mzigo taratibu. Akakaa juu yake.

"Amekuomba ruhusa," akasema.

Ndipo nikasikia habari ambayo katika nyumba yetu haikuwa imewahi kutamkwa. Nilijua tu kwamba mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana na kwamba alikufa kabla sisi wengine hatujazaliwa. Kaburi lake liko nyuma ya zizi. Sikujua kwamba alipougua mama alimtuma mtu hadi shambani, na baba akaomba ruhusa, na Bwana akamwambia ana wageni, asubiri waondoke. Wageni walikaa. Baba alipofika nyumbani mtoto alikuwa ameshazikwa. Alisimama kaburini, akarudi kazini.

"Hajawahi kumtaja tena," mama alisema. "Na mimi sikuwahi kumwuliza kwa nini hakuondoka tu. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Ile nguo nikiiona naona wageni." Akavuta kanga mabegani. "Atakuomba tena. Mpishi huomba mpaka ajibiwe. Utamjibu nini?"

Nilianza kuokota majani yaliyodondoka kwenye mzigo.

"Ukimkatalia, amefiwa mara ya pili. Ukimruhusu, atakwenda kumtafuta wapi mtoto mwenye homa?"

Kesho yake nilijaribu kutoroka. Nilivaa suruali, nikashinda shambani mbali. Jioni niliambiwa baba amesimama getini tangu mchana, hakugusa hata maji, na amekuwa akiwauliza wapita njia kama wamemwona Bwana, ana jambo la haraka. Siku iliyofuata nikaivaa. Nikafunga vile vikanda kimoja kimoja.

Nikaja kwa barabara na fimbo. Akanipokea, akanivutia kiti, akaniwekea kiburu na uma na kisu. Mama hakwenda kukata majani. Alikaa kwenye kigoda penye mlango wa jikoni, mundu uko mapajani, hatuangalii.

"Bwana," baba akasema. "Naomba ruhusa niende nyumbani. Mtoto ana homa."

"Nenda," nikamwambia. "Nenda sasa hivi. Wageni watajipikia."

Hakuondoka. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakilaza juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja.

"Leo ndiyo unasema nenda," akasema.

Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayekujulisha kwamba maziwa yamekwisha.

"Nilikuta wameshamzika, Bwana."

Ningekuwa mwanawe ningempa pole. Ningemshika mkono. Lakini mbele yake hakuwepo mwanawe, alikuwepo yule mwingine, na lile neno alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya yule mwingine miaka yote hiyo, na sasa limefika kwangu, na mimi nimevaa nguo yake. Sikuwa na pa kujificha. Niliinuka, nikatoka nje. Nilisikia mama akivuta pumzi; nadhani alidhani nakimbia tena.

Nilikwenda mpakani mwa kihamba nikachuma jani la isale. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Ni jani refu la kijani, tunalipanda mipakani na makaburini, na aliyekosa humchukulia aliyekosewa. Ukiletewa isale hukatai. Hata kama ni damu ya mwanao, ukishaletewa isale kwa mikono miwili, hukatai. Sijasikia Mzungu yeyote aliyewahi kulibeba, na sijui kwa nini miguu yangu ilinipeleka kule. Sikufikiri. Nilirudi ndani nikapiga magoti, magoti matupu kwenye sakafu ya udongo, marinda yakanizunguka, nikamnyooshea.

"Nilikukosea," nikasema. "Nakuomba."

Baba alilitazama lile jani. Mama alijifunika uso na kanga. Kisha baba akalipokea, akalifuta kwa shati, akalikunja, akalitia mfuko wa kifuani. Akakivuta kiti changu. Akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa kwenye meza ile tangu masika. Akaivuta sahani aliyoniwekea mimi, akaacha uma na kisu mahali pake, akala kwa mkono, tonge kwa tonge, na mimi niko pale chini.

Alipofika katikati alinigeukia.

"Nani alikufundisha jani hili, Bwana? Ninyi hamlijui."

"Mwanao," nikasema.

"Yupi?"

"Wa mwisho. Yule uliyemwachia kihamba."

Akatafuna. Akameza. Uso wake ukalainika.

"Yule ni mtoto mwema," akasema. "Ukimwona, mwambie aje nyumbani. Siku nyingi sijamwona."

Nikamwambia nitamwambia.